Ni Nani Akikuambia Kimbia, Utakimbia?

Usiku wa tarehe 14 Desemba 2006, upepo mkali kutoka Bahari ya Pasifiki uliipiga Seattle, jiji la kaskazini-magharibi mwa Marekani. Miti mirefu iling'oka na kulalia nyaya za umeme. Kulipokucha, zaidi ya nyumba na biashara milioni moja katika eneo hilo hazikuwa na umeme. Desemba ya huko ni baridi ya kutetemesha, na nyumba nyingi hutegemea umeme kwa kupashia vyumba joto na kwa kupikia. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na baadhi ya mitaa ikakaa gizani karibu wiki nzima.

Familia nyingi zilizohamia huko kutoka Somalia, Vietnam, Meksiko na kwingineko zilifanya jambo ambalo lingefanywa na yeyote aliyekulia Kisumu au Morogoro. Ziliwasha mkaa. Chai ichemke, watoto wapate joto, usiku upite. Hapakuwa na uzembe katika uamuzi huo. Ulikuwa ujuzi wa nyumbani, uliorithiwa kwa mama na bibi na uliowalisha watu miaka yote. Kilichobadilika ni nyumba. Jiko la mkaa la Afrika Mashariki mara nyingi huwashwa uani au barazani, au katika jiko ambalo paa na ukuta havikukutana sawasawa, moshi ukapata pa kutokea. Nyumba za Seattle zimejengwa kuzuia joto lisitoke: madirisha ya vioo viwili, milango iliyozibwa kwa mpira, kuta zilizojazwa pamba maalumu. Ndani ya chumba cha namna hiyo, mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa kichwa, huhisi uchovu, hujinyoosha kidogo apumzike. Wengine hawaamki.

Watu wanane katika jimbo la Washington walikufa kwa gesi hiyo baada ya dhoruba, wengine kwa mkaa na wengine kwa jenereta zilizowekwa ndani au karibu mno na nyumba. Zaidi ya 200 walitibiwa hospitalini. Madaktari waliona upesi kwamba waliodhurika kwa mkaa walikuwa, kwa sehemu kubwa, wahamiaji. Maonyo yalikuwapo, lakini mengi yalitolewa kwa Kiingereza, na kupitia televisheni ambazo hazikuwa na umeme. Ndipo gazeti la Seattle Times likafanya jambo lisilo la kawaida: likatumia ukurasa wake wa mbele kuchapisha onyo kuhusu mkaa na jenereta kwa lugha kadhaa, Kisomali na Kivietinamu zikiwamo, ili hata asiyewahi kununua gazeti la Kiingereza alione dukani au aletewe na jirani.

Linaloumiza zaidi ni kwamba hii haikuwa mara ya kwanza. Januari 1993 dhoruba nyingine ilikata umeme katika eneo lilelile, wahamiaji wa hali ileile wakawasha mkaa ndani, na madaktari wa huko wakaandika habari zao katika majarida ya kitabibu. Karibu miaka 14 ikapita kati ya dhoruba hizo mbili. Elimu ilikuwapo, ila ilikaa mahali ambapo mama wa Kisomali anayelea watoto katika ghorofa ya tatu asingeweza kuifikia.

Msomaji wa Nairobi au Mbeya asidhani habari hii ni ya ng'ambo tu. Kila msimu wa baridi magazeti ya Kenya na Tanzania huripoti watu waliokutwa wamekufa baada ya kulala na jiko katika chumba kilichofungwa. Gesi ni ileile. Tofauti ni kwamba mtu wa Limuru ana jirani anayesema lugha yake, aliyesikia msiba wa mwaka jana, atakayemwambia atoe hilo jiko nje. Mhamiaji aliyefika mwezi uliopita hana huyo jirani, na maandalizi ya maafa kwa jamii za lugha na mila nyingi ni, kwa sehemu kubwa, kazi ya kumpatia.

Serikali nyingi zinapogundua kwamba wakazi wao hawaelewi maonyo, jambo la kwanza zinalofanya ni kutafuta mtafsiri. Ni hatua njema na ya lazima. Lakini mafuriko ya New York ya tarehe 1 Septemba 2021 yalionyesha jinsi lugha inavyokuja imefungamana na mambo mengine. Mabaki ya kimbunga Ida yalimwaga mvua ya takriban milimita 80 kwa saa moja katika bustani ya Central Park, kiwango kilichovunja rekodi. Watu 13 walikufa jijini, na 11 kati yao walikuwa katika vyumba vya chini ya ardhi, vingi vikiwa vimepangishwa kinyume cha kanuni za ujenzi, vyenye mlango mmoja na kadirisha kadogo. Waliokuwa humo walikuwa zaidi wahamiaji kutoka Asia na Amerika ya Kusini. Maonyo ya simu yalitolewa kwa Kiingereza na Kihispania, wakati mtaa wa Queens peke yake unasema lugha zaidi ya mia moja. Hata hivyo, tuseme onyo lingefika kwa Kinepali safi: mpangaji anayehofia kwamba akipiga simu kuomba msaada mwenye nyumba atamfukuza, au ofisa atamuuliza karatasi za ukaazi, bado angesitasita. Na maji yanapoingia kwa kasi ile, kusita kidogo tu kunatosha kuua.

Hofu ya aina hiyo ilionekana wazi zaidi Melbourne, Australia, nchi ambayo kwa kweli imejitahidi kuliko nyingi. Tangu 1973 Australia ina huduma ya ukalimani kwa simu: mtu anapiga 131 450, anataja lugha yake, anaunganishwa na mkalimani. Shirika la utangazaji la SBS lina vipindi kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na wasikilizaji wake ni pamoja na Wakongomani na Warundi waliopokewa huko kama wakimbizi. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya robo ya wakazi wa nchi hiyo walizaliwa nje, na kwamba watu wapatao 872,000 walisema hawajui Kiingereza vizuri au hawakijui kabisa. Nchi yenye wakalimani, redio na takwimu zake mezani, basi, ilikuwa na kila kitu cha kuifanya ifanikiwe.

Alasiri ya Jumamosi tarehe 4 Julai 2020, katika wimbi la pili la UVIKO-19, serikali ya jimbo la Victoria ilitangaza kwamba majengo tisa ya ghorofa ya makazi ya umma, katika mitaa ya Flemington na North Melbourne, yanafungwa papo hapo. Watu wapatao 3,000 wasitoke milangoni mwao. Humo waliishi familia nyingi kutoka Somalia, Ethiopia, Eritrea, Sudan na Vietnam. Wengi walijua habari hiyo kwa kuchungulia dirishani na kuwaona askari polisi, mamia yao, wamezunguka majengo. Wengine walikuwa wametoka kununua maziwa na wakakuta mlango umewekwa ulinzi.

Hebu fikiria ghorofa ya kumi na tano: mzee aliyekimbia vita, aliyewahi kuona wenye sare wakizingira mtaa wake kwa sababu tofauti kabisa. Siku ya kwanza wakalimani walikuwa wachache mno na maelezo ya maandishi katika lugha za wakazi hayakuwa tayari. Chakula kilipoletwa, kingine hakikulingana na dini za walioletewa, kingine muda wake ulikuwa umepita. Baadhi ya wagonjwa walichelewa kupata dawa zao. Virusi vilikuwa hatari ya kweli, na hakuna haja ya kulipunguza hilo; lakini hatua iliyokusudiwa kuokoa maisha ilipokewa kama uvamizi.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachofaa kusimuliwa katika kila ofisi ya maafa. Vijana wa majengo hayo, waliozaliwa Australia au waliokulia huko, walianza usiku uleule kutafsiri amri za serikali katika makundi ya WhatsApp na kurekodi sauti kwa wazee wasiosoma. Shirika dogo la huduma za jamii la Waislamu lililoko North Melbourne liligeuka kituo cha kupokea chakula, dawa na nepi, na kuvigawa kwa orodha ambayo hakuna wizara iliyokuwa nayo: nani ana mtoto mchanga, nani ana kisukari, nani anaishi peke yake. Majengo manane yalifunguliwa baada ya siku tano. Moja, lililo Alfred Street, lilikaa siku 14.

Desemba ya mwaka huo mchunguzi wa malalamiko ya umma wa jimbo, Deborah Glass, alitoa taarifa iliyosema kwamba kufunga majengo papo hapo, bila kuwapa watu hata muda wa kujiandaa, hakukutokana na ushauri wa kitabibu na kulikiuka sheria ya haki za binadamu ya jimbo. Ofisa wa afya aliyetia saini amri alikuwa amepewa kama dakika 15 za kuipitia. Serikali haikukubali kuomba radhi kama ilivyopendekezwa, lakini mwaka 2023 ilikubali kulipa dola milioni 5 za Australia kumaliza kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya wakazi. Kabla ya hapo kulikuwa na badiliko lenye maana kubwa zaidi kuliko fedha hizo: shirika la afya la cohealth liliwaajiri wakazi wenyewe wa majengo ya namna hiyo, kwa mshahara, wakae kwenye lango la chini wakigawa barakoa, wakijibu maswali kuhusu chanjo kwa lugha za majirani zao, na wakipeleka juu malalamiko ya majirani hao. Kazi waliyoifanya bure usiku wa Julai ikatambuliwa kuwa kazi.

Japani ilipata somo hilo robo karne kabla, na kwa gharama kubwa zaidi.

Saa 11 na dakika 46 alfajiri, tarehe 17 Januari 1995, tetemeko la ardhi liliipiga Kobe. Zaidi ya watu 6,400 walikufa. Mtaa wa Nagata uliteketea kwa moto uliofuata, na Nagata ulikuwa mtaa wa viwanda vidogo vya viatu, ambako Wakorea walioishi Japani kwa vizazi vitatu walifanya kazi bega kwa bega na Wavietinamu waliofika kama wakimbizi wa mashua. Familia nyingi za Kivietinamu zilipiga mahema katika bustani za umma badala ya kwenda kulala katika shule zilizofunguliwa kama makazi ya muda. Matangazo ya shuleni hawakuyaelewa, taratibu za foleni na fomu hawakuzijua, na walijisikia salama zaidi wakiwa pamoja.

Wazee wa Kikorea walikuwa na hofu yao ya zamani zaidi. Tarehe 1 Septemba 1923, tetemeko lilipoiangusha Tokyo na Yokohama, uvumi ulienea kwamba Wakorea wanatia sumu visimani, na maelfu yao waliuawa na makundi ya raia wenye silaha pamoja na askari. Zaidi ya miaka 70 haikutosha kuifuta kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo kabla ya Januari 1995 kwisha, Wakorea wa Nagata walianzisha redio ndogo isiyo na leseni, kwa lugha yao na kwa Kijapani, kutangaza mahali pa maji, mahali pa chakula na habari zilizothibitishwa, ili uvumi usipate nafasi ya kukua. Miezi michache baadaye Wavietinamu nao wakapata redio yao, katika kiwanja cha kanisa Katoliki la Takatori. Kanisa lenyewe lilikuwa limeungua. Padri wake, Hiroshi Kanda, alilifungua eneo hilo kwa watu wa kila dini, na msanifu majengo Shigeru Ban akajenga hapo ukumbi wa mabomba ya karatasi ngumu kwa mikono ya watu waliojitolea. Redio zile mbili ziliungana na kuwa FM Yy, iliyopewa leseni rasmi mwaka mmoja kamili baada ya tetemeko na kutangaza kwa lugha nyingi.

Jambo la kutazama hapa ni mpangilio wa nani alimsaidia nani. Wavietinamu na Wakorea hawakungoja kuletewa redio. Waliijenga, na Wajapani wa mtaa huo, ambao nao walikuwa wamepoteza nyumba, wakaja kuisikiliza na kuifanyia kazi. Jamii ambazo katika faili za serikali ziliandikwa kama kundi la kusaidiwa ziligeuka kuwa miongoni mwa watoa habari wa mtaa.

Kutokana na Kobe kulizaliwa pia jambo la pili, la kitaaluma lakini lenye matunda yanayoonekana. Profesa Kazuyuki Sato wa Chuo Kikuu cha Hirosaki na wenzake walijiuliza: ikiwa haiwezekani kutafsiri onyo katika lugha 50 ndani ya dakika tatu, je, onyo la Kijapani lenyewe haliwezi kurahisishwa? Wakatunga kile kinachoitwa Kijapani rahisi: sentensi fupi, msamiati wa mtu aliyejifunza lugha mwaka mmoja hivi, na vitenzi vya moja kwa moja. Badala ya kumwambia mtu akinge kichwa chake dhidi ya vitu vinavyoweza kuanguka, unamwambia avae kofia. Badala ya kumtaka ahamie eneo la mwinuko, unamwambia apande mahali pa juu. Walipowajaribu wanafunzi wa kigeni, waliofuata agizo rahisi walikuwa wengi kuliko waliofuata lile la kawaida. Na waliofaidika hawakuwa wageni peke yao: watoto, wazee na watu waliochanganyikiwa kwa hofu walielewa upesi zaidi.

Tarehe 1 Januari 2024, rasi ya Noto ilipotikiswa na tetemeko na tsunami ikatabiriwa, watazamaji wa televisheni ya taifa ya NHK waliona maandishi makubwa kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la kwanza anazisoma: tsunami, kimbia. Mtangazaji aliyapaza maneno yaleyale kwa sauti ya ukali isiyo ya kawaida kwa watangazaji wa Japani. Ukali huo ulikuwa umeamuliwa kwa makusudi baada ya tsunami ya 2011, ambayo onyo lake lilisomwa kwa utulivu mno.

Wako Wajapani waliopiga hatua nyingine. Mji wa Kusatsu, mkoani Shiga, tangu 2015 una kikosi cha zimamoto cha kujitolea kinachoundwa na wakazi wa kigeni. Wanavaa sare, wanafanya mazoezi, na kazi yao ni kuwahudumia wageni wenzao wakati wa maafa. Kwa mhamiaji aliyekulia mahali ambapo sare ilimaanisha matata, kumwona mtu wa kwao ndani ya sare hiyo hufanya kazi ambayo vipeperushi elfu haviwezi.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kufikiri kwamba lugha yake imeshalimaliza tatizo hili. Kiswahili kimeunganisha makabila mengi kuliko lugha yoyote ya eneo hili. Lakini mashariki mwa Kongo, wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, Kiswahili chenyewe kilikuwa sehemu ya mkanganyiko. Watu 2,287 walikufa katika mlipuko huo, wengi wakiwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina mkoani Kivu Kaskazini. Habari nyingi zilitolewa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili sanifu cha vitabuni, kilicho mbali na Kiswahili kinachosemwa sokoni Beni. Shirika la Wafasiri Wasio na Mipaka lilipowahoji watu wa huko, lilikuta kwamba wanataka Kiswahili chao wenyewe pamoja na Kinande, na kwamba wanataka maelezo ya kina. Hawakuridhika kuambiwa nawa mikono. Walitaka kujua kwa nini mgonjwa anatengwa, chanjo inafanyaje kazi, kwa nini wengine wanachanjwa na wengine hapana.

Hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Mara nyingi mtu akisikia "lugha rahisi" hudhani ni kupunguza habari. Watu wa Beni walikuwa wakiomba habari nyingi, zilizosemwa waziwazi, kama ambavyo mtu mzima yeyote angependa kuelezwa kuhusu mwili wake.

Tena palikuwa na historia. Tangu 2014 wakazi wa Beni walikuwa wakiuawa usiku na makundi yenye silaha, na waliona kwamba dunia haikushtuka. Ebola ilipoingia, magari meupe yakafurika mjini. Kisha uchaguzi wa Desemba 2018 ukaahirishwa Beni na Butembo kwa sababu zilizotajwa kuwa za ugonjwa na usalama, na wengi wakahisi Ebola ni hila ya kisiasa. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Watu waliuita mpango mzima wa kupambana na ugonjwa kwa neno moja la Kifaransa, Riposte, na neno hilo likawa kama jina la jeshi la wageni. Mambo yalianza kubadilika kadiri wakazi wenyewe walivyoshirikishwa: waliopona Ebola wakawalea watoto wa wagonjwa na kuwaelezea majirani yaliyowapata, familia zikaruhusiwa kuwaona wapendwa wao kupitia kuta za plastiki angavu, na mazishi yakapangwa na jamaa wakiwapo. Zaidi ya watu 300,000 walikubali chanjo kabla ya mlipuko kuisha.

Huku kwetu swali hilo linakuja kwa sura ya mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari zake kwa Kiswahili, na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia, tahadhari hizo zilienea kwa redio na simu pwani nzima. Kwa sehemu kubwa ya nchi hilo linatosha. Lakini Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na redio zake hutangaza kwa Kiswahili na kwa kiasi Kiingereza. Bibi wa Kibarbaig anayechunga chini ya Mlima Hanang, mlima ulioporomosha tope juu ya mji wa Katesh Desemba 2023, huenda akakielewa Kiswahili cha sokoni vizuri, ila si lazima akielewe Kiswahili cha taarifa ya hali ya hewa. Wapo pia wakimbizi wa Burundi na Kongo katika kambi za Kigoma, ambao wazee wao husema Kirundi au Kibembe. Hawa wote wanahitaji mtu wa kuketi nao kabla ya masika, hata kama sheria ya nchi inakipa Kiswahili nafasi yake ya haki.

Kenya imechagua njia tofauti kidogo. Ina redio nyingi za lugha za jamii, kama Kameme ya Kikuyu na Ramogi ya Kijaluo, na Idara ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo yenyewe imesaidia kuanzisha redio ndogo vijijini, ikiwamo ya Kangema, eneo la maporomoko ya ardhi, na ya Budalang'i, ambako Mto Nzoia hufurika mara kwa mara. Mkulima anasikia kwa lugha ya mama yake kwamba ahame bondeni.

Hatua ndefu zaidi ilipigwa katika kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, kwa ukoo wa Nganyi wa jamii ya Wanyore. Kwa vizazi vingi ukoo huo umeaminiwa kujua mvua. Wazee wake wana misitu midogo ya kimila wanayoitunza, na humo hutazama miti inayochanua, ndege wanaohama, siafu na wadudu wengine, na mwelekeo wa upepo. Wataalamu wa hali ya hewa kwa muda mrefu waliyatazama hayo kama mambo ya kale, na wazee nao hawakuwa na sababu ya kuamini ramani za satelaiti zilizoletwa na watu wasiowajua. Wakulima walibaki katikati, na wengi waliwafuata wazee.

Kuanzia 2008, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kituo cha utabiri cha shirika la kikanda la IGAD, Chuo Kikuu cha Maseno na wazee wa Nganyi walianza kuketi pamoja kabla ya msimu. Kila upande unaleta utabiri wake. Wazee wanaeleza walichokiona msituni, wanasayansi wanaeleza hali ya bahari na upepo, kisha wanajadiliana mpaka wapate tamko moja. Mara nyingi pande mbili zilikuta zinasema jambo linalokaribiana. Zilipotofautiana, ilibidi kila mmoja aeleze sababu zake mbele ya mwenzake. Tamko hilo linapelekwa kwa Kinyore kwenye mabaraza ya machifu na redio ya jamii, likiwa limebeba majina ya pande zote mbili.

Mpango wa Nganyi uliendeshwa kwa fedha za wafadhili wa Kanada na Uingereza, na hapo ndipo penye wasiwasi: fedha za namna hiyo zina mwisho. Kobe nayo iliguswa na jambo hilohilo: mwaka 2016 FM Yy ilizima mtambo wake wa FM na kuhamia kwenye intaneti, kwa kuwa gharama za kuendesha kituo kidogo cha jamii zilikuwa zimeizidi. Redio, wakalimani wa mtaani, wazee wa mvua na vijana wa WhatsApp husifiwa sana wiki ya maafa, kisha bajeti inayofuata inaandikwa bila wao. Kaunti, halmashauri na wizara zinazonunua ving'ora na mitambo ya rada zinaweza kuweka katika kitabu hichohicho cha bajeti posho ya mwezi ya mtu wa kila kijiji anayejua nani haoni, nani hasikii, nani amehamia juzi na anasema lugha gani. Mtu huyo tayari yupo, na watu wake wanamjua kwa jina.